Nilijibu "Sawa Mum" Bila Kusikiliza

Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Baridi.

Hii baridi ya Julai haina adabu. Imepanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, imepita katikati ya majora ya vitambaa, na sasa imenikalia begani hapa kwenye cherehani. Nje kuna yale manyunyu ya Nairobi ambayo hayakuloweshi lakini pia hayakuachi mkavu. Watu wanakimbilia stendi wasije wakakwama mjini. Mimi sina haraka. Nyumbani Kinoo hakuna anayenisubiri ila jiko na sufuria ya githeri ya jana, na hapa dukani kuna kizibao kinaning'inia ukutani ambacho siwezi kukitazama wala kukipa mgongo.

Shajara, leo sina hadithi tamu. Nimekosea, na sioni pa kutokea.

Mimi ni fundi wa nguo, kama unavyojua. Mwaka wa kumi na sita huu katikati ya jiji, kijiduka ambacho mtu akipiga miayo ndani yake anagusa kuta zote mbili. Kazi naijua, hapo sijishushi. Niletee bega moja lililo juu kuliko lingine, nitakushonea koti mpaka mama yako mzazi asahau ulivyozaliwa. Niletee mzee mwenye kitambi siku ya harusi ya bintiye, atasimama kwenye picha kama kijana wa jeshi. Mikono yangu Mungu aliibariki. Mdomo ndio sijui aliufanya nini.

Kuna sentensi moja mafundi wa jiji hili tunazaliwa nayo. Mteja anapiga simu, "Fundi, nguo yangu imefika wapi?" Nguo yenyewe bado iko ndani ya karatasi ya nailoni vile vile alivyoileta, hata chaki haijaiona. Na fundi bila kupepesa jicho anasema, "Imebaki vifungo tu, mum." Mzee aliyenifunza kazi, Mungu amrehemu, alikuwa akiniambia mteja hapewi tarehe, anapewa tumaini. Niliishika hiyo kama amri ya kumi na moja.

Siku hizi mambo ni ya simu, na uongo nao umehamia kwenye simu. Mteja anatuma ujumbe wa sauti wa dakika tatu, dakika nne, mwingine unasikia kabisa amekaa kitako na kikombe cha chai anakusimulia. Mimi siusikilizi. Naangalia urefu wake, roho inaruka, naandika "Sawa mum", naweka ile mikono iliyofumbatana kama ya maombi, nimemaliza. Tiki za buluu nilizizima zamani ili mtu asijue nimesoma au sijasoma.

Leo asubuhi nimehesabu. Nina jumbe za sauti kumi na moja za wateja ambazo nimezijibu "sawa" na sijawahi kuzifungua.

Nitakwambia kwa nini, na hili sijamwambia mtu. Nawaogopa wateja wangu. Mwaka wangu wa pili hapa mjini mama mmoja alinirushia gauni usoni mbele ya watu waliokuwa kwenye foleni, akaniuliza kama nimeshonea binadamu au mbuzi. Gauni lilikuwa sawa. Yeye ndiye aliyekuwa amenenepa tangu nimpime. Lakini tangu siku hiyo simu ikitetemeka na mimi natetemeka. Kila ujumbe mrefu naona gauni linakuja usoni. Kwa hivyo nasema sawa, sawa, sawa, ili mradi anyamaze. Mwanamke mzima wa miaka arobaini na mbili, nina cherehani tatu, na ninajificha nyuma ya neno moja.

Sasa, Mama Muthoni.

Mama Muthoni ni mteja wangu wa Loresho, na katika wateja wote ndiye wa mwisho mtu angemwogopa. Miaka tisa hajawahi kunipandishia sauti. Maparachichi yakiiva kwake ananiletea mfuko mzima, anapanda hizi ngazi na goti lake bovu, anauliza, "Nyambura wangu, umekula leo?" Mimi namwita mum, na kwake neno hilo hutoka moyoni, halitoki mdomoni tu kama kwa wengine.

Wiki tatu zilizopita alikuja na koti la marehemu babake. Sufu ya kahawia, zito, la wakati ule nguo zilishonwa zidumu kuliko mwenye kuvaa. Kijana wake anapeleka ruracio Jumamosi hii, mahari kwa wakwe, na mama alitaka hilo koti ligeuzwe kizibao, ili kijana asimame mbele ya wazee wa upande ule akiwa amevaa kitu cha babu yake. Kijana mwenyewe nilishampima. Mama alikuwa na haraka, dereva amesimamisha gari vibaya huko chini na kanjo, askari wa jiji, wanazunguka. Akaniwekea koti mkononi, akasema, "Fundi, maelezo nitakutumia kwa simu, usikate kabla sijakutumia." Nikasema sawa mum.

Jioni ile ile ujumbe ukaja. Dakika nne na sekunde kumi na mbili.

Nikaandika, "Sawa mum."

Kesho yake nikakata.

Hapa nieleze kidogo kwa asiye fundi. Ukigeuza koti kuukuu kuwa kizibao, kitu cha kwanza ni kufumua bitana, ile nguo laini ya ndani. Bitana ya zamani huwa imechakaa, unaitoa, unaweka mpya. Hii ilikuwa ya kijani, imepasuka makwapani. Na upande wa kushoto, ndani, kulikuwa na kijimfuko kilichobandikwa juu ya bitana, cha kitambaa cha maua maua, kimeshonwa kwa mkono na uzi mwekundu. Mishono imepinda huku na huku, mikubwa kama meno ya mtoto.

Nakumbuka vizuri kwa sababu nilicheka. Nilimwita Adhiambo, jirani yangu anayeuza leso na vitambaa, mlango wa pili, nikamwonyesha. Nikasema, "Njoo uone, huyu fundi alikuwa anashona akikimbizwa na mbwa?" Tukacheka sote wawili. Halafu nikairusha bitana yote na kimfuko chake kwenye gunia la mabaki.

Jana ndipo nilipomaliza kizibao. Na hapa Mungu ananicheka, kwa sababu kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimewahi. Siku tatu kabla ya ruracio! Kimekaa vizuri, bitana mpya ya hariri, mgongo umenyooka, hakina hata kasoro moja. Kilikuwa kimebaki vifungo tu, na safari hii ilikuwa kweli tupu. Nikajisikia mtu. Nikasema leo hata ule ujumbe wake nitausikiliza, nijue kama alisema anakuja Alhamisi au Ijumaa, nimshangaze. Nikabonyeza huku napiga pasi.

Sauti yake ilikuwa ya taratibu, kama mtu anayeongea akiwa peke yake sebuleni.

Alisema koti ni la baba, sawa, lakini ndani kuna mfuko. Huo mfuko mamake aliushona usiku wa kuamkia siku ambayo mumewe alikuwa anakuja kuanza kazi Nairobi, aweke barua yake ya kazi asiibiwe njiani. Mama hakuwa amejua kushona hata kidogo. Alikata kitambaa chake cha kichwani, kile cha kanisani, kwa sababu hakuwa na kingine. Miezi michache baadaye alifariki akijifungua. "Ndiyo mimi hiyo, fundi," akasema, na akacheka kidogo. "Sina picha yake, sina kikombe chake. Niko na hiyo mfuko peke yake. Kwa hivyo tafadhali, hiyo usiguse. Hata kama bitana imeisha, ikatie pale pembeni uishonee kwa hiyo waistcoat ndani, upande wa moyo. Kijana hajui. Nataka nimwonyeshe asubuhi ya ruracio. Ukiona ni ngumu niambie tu, tuongee."

Tuongee.

Pasi iliunguza kile kitambaa cha kupigia pasi nilichotandika juu ya kizibao, nikiwa nimesimama pale. Ngai, Mungu wangu. Nilikaa chini. Adhiambo alikuja mbio kwa harufu, akaniona, akasikiliza ujumbe wote na yeye, na mtu ambaye hukosi kumsikia kutoka ghorofa ya chini akashusha sauti. Halafu akasema, "Nyambura, si hiyo tulicheka?" Nikasema ndiyo. Akarudi kwake akavuta pazia.

Leo asubuhi sikuja mjini moja kwa moja. Magunia yangu ya mabaki nampa Mama Brayo, mama mmoja hapo Kinoo nyuma ya soko, anajaza mito ya viti na kuuza. Nilifika nikamkuta anaota jua ambalo halipo. Nikamweleza. Hakunicheka wala kunilaumu, akasema tu, "Hiyo gunia ya hiyo wiki nilishatumia, mama. Mito ilienda yote. Imebaki tu hizi mbili, fungua uone."

Tukaifumua pale nje, mimi na yeye, tumekaa kwenye vigoda, vidole vimekufa ganzi. Vipande vya jeans. Vipande vya sare za shule. Mto wa pili nikaona kijani. Nikavuta. Ilikuwa bitana kweli, kipande cha mkono wa koti, urefu wa kiganja. Nikaendelea kuvuta mpaka mto ukaisha. Maua maua hakuna. Uzi mwekundu hakuna. Mama Brayo akaniambia mito mingine ilichukuliwa na mtu wa pikipiki, huwa anaizungusha, leo yuko Kikuyu kesho yuko Limuru, na nambari yake hana. "Pole sana," akasema, na akaanza kurudisha vitambaa ndani, maana na yeye ana kazi.

Kwa hivyo mahali fulani kuna mtu amekalia hicho kitambaa. Anakunywa chai, anatazama taarifa ya habari, amekalia mama wa mtu.

Sasa nikupe la aibu kuliko yote. Saa sita mchana nilienda kwa Adhiambo nikachagua kitambaa cha maua maua. Nikakifua mara tatu kwa maji ya moto na soda kipauke. Nikachukua uzi mwekundu, nikazamisha kwenye chai ya rangi uonekane mzee. Nikakaa kushona kimfuko.

Unajua nini kilinishinda? Kushona vibaya. Mkono unakataa. Miaka kumi na sita nimeufundisha kwenda sawa, sasa nikitaka upinde haupindi, kila mshono unatoka umenyooka kama mstari wa daftari. Nikahamia mkono wa kushoto. Huo ndio ukafanya. Mishono mikubwa, imelewa, meno ya mtoto kabisa. Nilipomaliza nikauweka juu ya kizibao upande wa moyo na, wallahi, hata mimi nisingejua.

Adhiambo alichungulia. Akasema, "Haki umetisha." Halafu akasema, "Lakini huyo mama atalia akiushika, Nyambura. Atalilia kitambaa changu."

Nilikuwa na hasira naye, kwa sababu ningependa sana asingesema.

Saa tisa nikampigia Mama Muthoni. Hakushika. Nikapiga tena, akakata, akatuma, "Niko kwa mkutano ya ruracio fundi, tuma msg." Basi nikaona nitumie sauti, mambo kama haya hayaandikiki. Nikaenda kule ngazini nyuma ambako hakuna kelele za cherehani, nikashika simu mdomoni, nikasema yote. Kwamba sikusikiliza. Kwamba nilijibu sawa siku hiyo kama ninavyojibu watu wote, kwa kumwogopa mtu ambaye hajawahi kunitisha. Kwamba mfuko nilikuwa nao mkononi na nikaucheka. Habari ya Mama Brayo, ile mito, mtu wa pikipiki. Hata ule wa uongo nilioshona nikamwambia. Sauti ilikatika mara mbili nikaendelea. Sijawahi kuongea na mteja hivyo. Sijui kama nimewahi kuongea na mtu yeyote hivyo.

Nikaachia kidole. Ikaenda. Dakika nne na sekunde arobaini.

Jibu lilikuja kabla sijafika mlangoni.

"Sawa fundi 🙏 Barikiwa. Kesho saa nne nakuja kuchukua."

Nilisimama nikitazama hiyo simu. Dakika nne na sekunde arobaini haziwezi kusikilizwa kwa muda wa kupanda ngazi kumi na mbili.

Na unajua nilihisi nini kwanza, shajara? Wewe nisikufiche. Nilifurahi. Moyo ulishuka kabisa, kama mtu aliyetua mtungi. Nikajiambia, basi, nimesema, ushahidi uko, shauri yake sasa. Furaha yenyewe ilidumu kama hatua tatu hivi, halafu nikaurudia ule ujumbe wangu kuukagua.

Tiki unaweza kuzizima, lakini ujumbe wa sauti hauna siri. Kile kimaiki kidogo cha pembeni hugeuka buluu mwenyewe akiusikiliza. Chake kwangu kilikaa kijivu wiki tatu nzima na angeweza kukiona, ila hakukagua, kwa sababu nilikuwa nimemwambia sawa na yeye aliamini. Sasa changu kwake kimekaa kijivu. Nimekikodolea macho tangu saa tisa kama mtu anayesubiri maji ya mfereji.

Saa kumi nikajikaza. Nikaandika, "Mum tafadhali sikiliza ile sauti yote. Ni muhimu."

Akaandika, "Nimeskiza yote fundi. Iko sawa kabisa ❤️ wewe huwa huniangushi."

Nikatazama kimaiki. Kijivu.

Nimeijua hiyo sauti bila hata kuisikia. Ni yangu. Ni mtu aliyezungukwa na wageni, na sufuria, na orodha ya mbuzi na blanketi za kupeleka kwa wakwe, ameona dakika nne za mtu mwingine, akasema sawa ili mtu huyo anyamaze. Siwezi kumlaumu, hata kidogo. Mimi ndiye wa mwisho mjini hapa wa kumlaumu.

Najua utaniuliza kwa nini nisiandike tu. Maneno manne: mfuko wa mama umepotea. Nimeyaandika. Yako hapo kwenye kisanduku mpaka sasa, nayafuta, nayaandika, nayafuta. Namwona amekaa katikati ya dada zake na shemeji, anacheka, na hayo maneno yanamwingilia hapo kiganjani mbele ya watu. Halafu naona gauni likinijia usoni. Halafu naona kwamba safari hii hakuna gauni, Mama Muthoni hawezi kurusha kitu. Atasema tu, "Ni sawa, Nyambura wangu," na hatapanda hizi ngazi tena. Ningependelea gauni.

Adhiambo amefunga, ameniambia nisikae sana, ameniachia nusu ya mandazi. Jengo limepoa. Mlinzi anapita akigonga milango, "Fundi, bado uko?" Nimemwambia bado, niko karibu kumaliza. Ona mdomo huu, hata mlinzi nimemdanganya.

Kimfuko cha uongo kiko mezani karibu na mkasi. Sijakitupa. Sijakishona mahali pake pia. Ukiuliza nitafanya nini saa nne asubuhi akiingia na maparachichi yake aseme, "Nyambura wangu, umekula?", ningekudanganya nikisema najua. Napenda kuamini kwamba nitafungua mdomo. Lakini huu mdomo mimi naujua kuliko mtu yeyote, na sindano tayari ina uzi mwekundu.

Simu imetetemeka sasa hivi. Ni yeye.

"Fundi, kijana anauliza waistcoat iko tayari?"

Kimaiki bado kijivu. Nimetazama ukutani, nimetazama mezani, na nimemjibu ukweli pekee uliokuwa karibu.

Imebaki vifungo tu, mum.